Ukiongeza namba, nyumba haipashi haraka: majibu ya maswali yenu kuhusu themostati

Baridi imeingia, bili zimeanza kupanda, na maswali mengi yaliyotufikia safari hii yametoka kwa ndugu walio Marekani. Kwao tumetumia nyuzi za Farenhaiti, kwa sababu ndizo zilizoandikwa ukutani mwao.

Nikirudi kutoka zamu ya usiku nakuta nyumba ni barafu. Naweka themostati 85 ili ipashe haraka, halafu narudisha 70. Mume wangu anasema nachoma pesa. Ni kweli? (Mama wa watoto watatu, Columbus, Ohio)

Mumeo yuko sahihi, Mama. Themostati haitengenezi joto. Ni swichi yenye kipimajoto ndani yake. Joto la sebuleni likishuka chini ya namba uliyoweka, inaunganisha waya mbili nyembamba za volti 24, zenye alama za R na W, na tanuri ya gesi inapata amri ya kuwaka. Joto likifika, inaziachanisha. Tanuri nyingi za nyumba za kawaida zina moto wa kiwango kimoja tu, kwa hiyo uweke 70 au 85, hewa inayotoka ni ileile na utafika 70 kwa dakika zilezile. Hasara inakuja pale unapopitiwa na usingizi kwenye kochi kabla ya kurudisha namba.

Kama yako ina ratiba, iamuru ianze kupasha nusu saa hivi kabla hujafika. Ukikuta bado baridi, sogeza muda wa kuanza, usiguse namba.

Basi si afadhali niiache 70 usiku na mchana? Nimeambiwa ukishusha usiku, asubuhi tanuri inafanya kazi maradufu na faida yote inapotea. (Msomaji, Dayton, Ohio)

Maneno hayo yamezagaa, lakini si kweli. Joto linavuja kutoka nyumbani kwako kulingana na tofauti kati ya ndani na nje. Nje ikiwa 20, nyumba ya 70 ina pengo la nyuzi 50, na nyumba ya 60 ina pengo la 40. Kila saa inayokaa na pengo dogo, inavuja kidogo. Asubuhi tanuri itawaka mfululizo kwa muda, ndiyo, lakini inarudisha tu lile ambalo haikulichoma usiku, na kile kisichovuja ndiyo faida yako. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kushusha nyuzi 7 hadi 10 kwa saa 8 kila siku kunaweza kupunguza gharama ya mwaka ya kupasha na kupoza nyumba kwa hadi asilimia 10.

Kuna mipaka miwili. Ukiwa na mtoto mchanga au mzee ndani, usishuke sana. Kaeni kwenye 68 hivi. Na hata mkisafiri, msiweke chini ya 55, maana mabomba yaliyo kwenye kuta za nje yataganda na kupasuka, na gharama ya fundi bomba itameza akiba ya miaka.

Sisi tuna pampu ya joto ya umeme. Tulifuata ushauri wa kushusha nyuzi 10 usiku na bili ikapanda! (Baba, Louisville, Kentucky)

Haishangazi, na hapa ndipo ushauri wa jumla unapowaponza watu. Pampu ya joto haichomi kitu. Inachota joto kutoka hewa ya nje na kuliingiza ndani, na kwa umeme wa uniti moja mara nyingi inakupa joto la uniti mbili au tatu. Lakini inapasha polepole. Asubuhi themostati ikiona inatakiwa kupanda nyuzi 10 kwa mpigo, inaita msaada: koili za umeme zilizo ndani ya mashine, ambazo kwa uniti moja zinatoa joto la uniti moja tu. Kwenye kioo utaona neno AUX. Hapo ndipo pesa yako ilipokwenda.

Shusha nyuzi 2 au 3 tu, au usishushe kabisa siku za baridi kali. Ukipandisha, panda nyuzi moja, subiri, kisha nyingine. Na mtu yeyote asibonyeze EM HEAT akidhani ni joto la ziada: inazima pampu na kukuacha na koili peke yake. Ni ya siku mashine ya nje imeharibika. Hiyo mashine ya nje isizikwe na theluji. Ukiona inafuka mvuke kwa dakika chache usiogope, inajiyeyusha barafu.

Tanuri ya gesi inawaka dakika chache, inazima, inawaka tena. Themostati imewekwa 70 lakini nyumba haifiki hata 66. Ninunue themostati mpya? (Ndugu, Minneapolis)

Usinunue kitu bado. Dalili hiyo kwa kawaida inaanzia kwenye filta. Filta ikiziba, hewa haipiti vya kutosha kupoza chuma kinachopashwa na moto. Chuma kinazidi joto, swichi ya usalama inakata gesi, feni inaendelea kupuliza mpaka kipoe, moto unarudi, na mzunguko unaanza upya. Unalipia gesi na nyumba haipati joto.

Zima tanuri kwa swichi iliyo ubavuni mwake, inayofanana na ya taa. Vuta filta, iinue kwenye mwanga. Usipoona mwanga upande wa pili, imekwisha. Vipimo vimechapwa ukingoni, kwa mfano 16x25x1, nunua hivyohivyo. Mshale uelekee ilipo tanuri, yaani kule hewa inakokwenda. Yenye unene wa inchi moja ikague kila mwezi majira ya baridi na uibadilishe kila mwezi mmoja hadi mitatu. Zile za bei ghali zenye matundu madogo sana zinaweza kuibana feni, kwa hiyo MERV 8 (MERV ni kipimo cha uwezo wa filta kunasa vumbi) inatosha nyumba nyingi. Rudisha kifuniko cha tanuri barabara, kwa sababu kina kitufe nyuma yake na kisipobonyea mashine haiwaki kabisa. Halafu pita vyumbani uone kama kitanda au zulia halijafunika tundu la hewa.

Kama filta ilikuwa safi, badilisha betri za themostati na uangalie ilipokaa. Taa, televisheni au jua la mchana karibu yake vinaidanganya kwamba nyumba ina joto. Kinyume chake pia hutokea: tundu la waya nyuma yake linapitisha hewa baridi ya ndani ya ukuta, na tanuri inawaka bila sababu. Ziba tundu hilo kwa pati. Yote hayo yakishindikana, ita fundi. Kihisi cha mwali chenye masizi ni kazi fupi kwake.

Angalizo: ukifungua themostati ukakuta waya nene, hiyo si ya volti 24. Ni ya hita za umeme za ukutani, inapitisha 120 au 240, na inaua. Ifunge.

Feni ya themostati iwe ON au AUTO? (Dada, Des Moines, Iowa)

AUTO. Ukiweka ON inapuliza hata moto ukiwa umezima, unalipia umeme na kuhisi upepo wa baridi.

Tuna boila ya gesi na rejeta za ukutani. Kila rejeta ina kitasa cha 1 hadi 5. Tufungue vyote au tufunge? (Msomaji, Leicester, Uingereza)

Namba hizo ni za joto la chumba. 3 ni karibu nyuzi 20 za Selsiasi. Sebuleni weka 3, vyumba visivyolaliwa 1 au 2. Ila chumba chenye themostati ya ukutani, rejeta yake ifunguliwe hadi mwisho. Ukiibana, themostati haitafikia namba yake na boila haitapumzika. Kochi na pazia zisiifunike.

Akiba kubwa zaidi iko kwenye boila yenyewe. Nyingi zimewekwa kutuma kwenye rejeta maji ya nyuzi 75 au 80. Kama ni ile isiyo na tangi la maji ya moto, shusha kitufe chenye alama ya rejeta hadi 60, usiguse chenye alama ya bomba. Maji yakirudi chini ya nyuzi 55 hivi, boila za kisasa hunasa joto la mvuke ambalo vinginevyo lingetokea bombani nje. Rejeta zitakuwa vuguvugu na zitachukua muda mrefu, hilo ni sawa. Wenye tangi wasishushe hivyo kiholela: maji ya tangini yanatakiwa yafike 60 ili bakteria wasizaliane.

Je, hita ndogo ya umeme ni nafuu? Na jirani anawasha oveni akiacha mlango wazi. (Mama, Portland, Maine)

Hita ya wati 1,500 ikiwaka mfululizo saa 8 inakula uniti 12. Kwa mfano, uniti ikiwa senti 15, ni dola 1.80 kwa usiku, kama dola 54 kwa mwezi; bei ya kwenu iangalie kwenye bili. Inafaa tu ukipasha chumba kimoja na kushusha nyumba nzima. Ukiziwasha tatu, umepoteza. Ichomeke ukutani moja kwa moja, si kwenye waya wa kuongezea.

Oveni ya gesi, na hata zaidi jiko la mkaa, ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Mwambie jirani aache leo. Kila nyumba yenye moto iwe na king'ora cha gesi hiyo karibu na vyumba vya kulala.

Mwenye nyumba hataki tubadilishe chochote na bili imetushinda. (Familia, St. Paul, Minnesota)

Karatasi ya plastiki ya dirishani haihitaji ruhusa nzito: unaibandika kwa gundi ya pande mbili kwenye fremu, unaikaza kwa mashine ya kukaushia nywele. Chini ya mlango weka taulo iliyokunjwa.

Kuhusu bili, piga 211 uulize LIHEAP, msaada wa serikali wa gharama za kupasha nyumba, na uombe mkalimani wa Kiswahili. Andaa bili ya karibuni, vitambulisho na uthibitisho wa kipato cha kila anayefanya kazi. Minnesota pia ina kanuni ya msimu wa baridi, Oktoba 1 hadi Aprili 30: mkikubaliana na kampuni mpango wa malipo na mkaufuata, hawakukatii. Wapigieni kabla ya notisi ya kukatiwa, msingoje ifike.