Fundi ninaye, msanifu majengo wa nini?

SWALI: Habari za kazi. Nimenunua kiwanja Chanika, ramani nimeipata kwenye simu, vyumba vitatu kimoja masta, na fundi kasema anaijenga bila shida. Shemeji yangu ananing'ang'aniza nitafute msanifu majengo, mi naona hao ni wa maghorofa na wenye hela zao. Siku hizi kwani wana kazi gani? – Mama wawili, Dar

JIBU: Dada, msikilize shemeji yako. Aliyechora hiyo ramani hajui kiwanja chako kimekaaje, maji ya mvua yanatokea wapi wala jirani kapandisha ukuta upande gani. Na Dar adui wa kwanza ni joto, sasa chumba cha kulala kikitazama magharibi jua la alasiri linaupiga ukuta mpaka linazama, tofali zinashika moto, usiku feni inazunguka na jasho linakutoka palepale huku luku inakwisha. Msanifu akija saiti anaangalia kusi inavumia wapi na kaskazi wapi, anapanga madirisha yatazamane upepo upite. Madirisha ni yaleyale uliyokuwa ununue!

Na hilo la matajiri hapana, nakataa kabisa. Soko la Kariakoo, lile jengo la miaka ya 1970, alilichora Mtanzania mwenzetu Beda Amuli, yale mapaa kama miavuli iliyopinduliwa yanakinga maji ya mvua, na waliokuwa wanauza na kununua mle ni watu kama mimi na wewe. Msanifu majengo Francis Kéré wa Burkina Faso naye alikuwa bado mwanafunzi Ujerumani alipojenga shule ya msingi kijijini kwao Gando, ikaisha 2001, matofali ya udongo na saruji kidogo, bati kalinyanyua juu ya dari hewa moto itoke, na wanakijiji ndio waliojenga. Mwaka 2022 akapewa tuzo ya Pritzker, ile kubwa ya wasanifu majengo duniani, Mwafrika wa kwanza kuipata.

Kama hela imebana ongea naye, wapo wanaokubali kulipwa kidogokidogo, ila uliza kwanza kama kasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi maana kila mwenye kompyuta siku hizi anajiita msanifu. Michoro yake ndiyo utakayoombea kibali cha ujenzi. Fundi wako usimwache, wakutanishe hapohapo kiwanjani waelewane, kujenga ni kazi yake. Ila mwambie msingi asichimbe kwanza.