Fungu la anayemuuguza mstaafu

Swali la wiki hii linasema: "Je, pensheni inatosha kuwa shukrani ya taifa kwa askari aliyestaafu?" Jibu langu ni hapana, na wala sizungumzii kwanza uchache wa hela. Pensheni ya askari hupimwa kwa cheo, mshahara na miaka ya utumishi. Anayemlisha, anayemwogesha na kumgeuza kitandani askari huyo baada ya mwili kumshinda hayumo kabisa katika hesabu hiyo.

Naandika kutoka Bombo, hapa Uganda. Baba alistaafu akiwa sajini, mzima, akilima shamba lake mwenyewe. Baadaye kiharusi kikampiga upande wa kulia, na tangu siku ile mama ndiye mkono wake na mguu wake. Watu wasiowahi kuuguza hudhani kazi ni kupika na kufua. Uji wenyewe ni kazi. Kwanza umwinue mgonjwa kwa mito mpaka akae wima, umpe nusu kijiko, kisha utazame koo lake. Koromeo lipande, lishuke, ndipo umpe kijiko kingine. Ukiharakisha anapaliwa, na uji ukiingia mapafuni umemletea nimonia. Usiku lazima ageuzwe kila baada ya saa chache, maana ngozi ya kiunoni na visiginoni ikianza kuwa laini na kubadilika rangi, kidonda kipo njiani, na kidonda cha kulalia kikishafunguka kukifunga tena ni shida kubwa. Mama alikuwa na meza yake ya nguo sokoni. Aliifunga. Kwa hiyo nyumba ilipoteza kipato cha pili wakati uleule gharama zilipopanda: pampasi, dawa za presha, gari la kukodi kila anapotakiwa hospitalini. Bodaboda hawezi kuipanda.

Halafu ukaja uhakiki wa wastaafu. Naelewa kwa nini unafanyika, kwa kuwa majina hewa yamekula fedha za umma kwa muda mrefu. Lakini baba alibebwa hadi ofisi moja, akawekwa kwenye benchi, na mashine ya alama za vidole ikakataa kumsoma. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimekunjamana kama ngumi. Kijana wa mezani alijaribu kuvinyoosha kimoja kimoja huku baba akiuma meno, mwisho akatuambia, "Mrudisheni wiki ijayo." Mzee yuko mbele yake, anapumua, anamwangalia, na bado anatakiwa athibitishe kwamba yu hai!

Katiba yetu ya 1995, ibara ya 254, imeagiza pensheni ilipwe kwa wakati, bila kukatika, na kwa namna ambayo mstaafu ataipata kwa urahisi. Hilo la urahisi ndilo naomba litiliwe maanani. Serikali ina mkuu wa parishi katika kila parishi, ngazi ya utawala iliyo juu ya kijiji, na kuna wahudumu wa afya wa vijiji, wale VHT, wanaojua ni nani amelala ndani na ni nani amezikwa. Mgonjwa wa kitandani afuatwe nyumbani kwake, ahakikiwe palepale.

Sasa nirudi kwa anayeuguza, maana hapo ndipo penye uzito. Sheria ya Uganda ya fidia kwa wafanyakazi inasema kwamba mfanyakazi akiumia kazini hadi akawa hajiwezi kabisa, na akahitaji mtu wa kumsaidia muda wote, fidia yake iongezwe robo. Robo hiyo ni kwa ajili ya msaidizi. Maana yake nchi yetu ilishakubali zamani kwamba kuuguza kuna bei yake. Ila sheria hiyohiyo inawaacha nje askari walio jeshini. Dereva wa kiwanda anayevunjika uti wa mgongo ana robo ya msaidizi kisheria, na sheria hiyo haimgusi askari anayevunjika uti wa mgongo kwenye operesheni. Nimepekua karatasi zote za baba nikitafuta mstari wowote unaofanana na huo. Sikuuona.

Wenzetu wengine wameshalifanya. Nchini Marekani, mkongwe wa vita mwenye kipato kidogo akifikia kushindwa kuoga, kuvaa au kula bila kusaidiwa, huweza kuongezewa pensheni kwa sababu hiyo, na mjane wake pia anaweza kuomba. Sidai tulipe viwango vyao. Nadai kanuni: askari akithibitishwa na bodi ya madaktari kwamba hawezi kukaa bila msaidizi, aongezewe robo ya pensheni yake.

Najua wapo watakaosema tuanze na wale ambao hawajapata kitu. Wana haki. Katika West Nile, Acholi na Lango wapo wazee wa jeshi la kabla ya 1979 na wa UNLA, jeshi la taifa lililofuata baada ya Idi Amin kuangushwa, waliosubiri malimbikizo yao miaka na miaka, na wajane wanaobeba mafaili yale ya waume zao hadi yamechanika. Wapo pia zaidi ya 36,000 walioachishwa jeshi kati ya 1992 na 1995, wakaenda zao na kifurushi cha kuanzia maisha. Walipwe wote wanaodai. Lakini aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1979 leo amepita 70. Hata akilipwa malimbikizo kesho, kuna mtu anamwinua kitandani leo. Ile ruzuku ya wazee ya Sh25,000 kwa mwezi inaanza mtu akifika miaka 80, na Sh25,000 haifiki mbali ukishaanza kununua pampasi.

Kuhusu fedha zitatoka wapi: nyongeza hii haimhusu kila mstaafu. Inamhusu aliyelala. Kituo cha jeshi cha Mubende kinawapokea majeruhi, lakini wengi wanazeekea vijijini kwao, na huko wodi ni chumba cha nyuma na nesi ni mke au binti aliyeacha shule.

Na fungu hilo lisiingie kwenye akaunti ya mstaafu. Liingie moja kwa moja kwenye simu ya anayemuuguza, kwa jina lake. Mkono wa baba hauwezi tena kusaini, na kila hela inayopita benki inamtaka yeye mwenyewe. Zaidi ya hapo, siku mstaafu anapofariki mjane huanza safari ya mahakamani kutafuta barua za usimamizi wa mirathi, na miezi hiyo yote nyumba haina kitu. Fungu liendelee kumfikia mpaka barua zitoke.

Msomaji, Bombo