Kuhusu barua ya kuhamia kwa kontrakta: usitie sahihi kabla ya kupiga hesabu

Ndugu wa Maweni, swali lako limeeleweka. Wewe ni fundi wa minara wa kampuni kubwa ya simu, una miaka 9 na miezi 7 kazini, eneo lako ni Watamu hadi Gongoni na mara mojamoja unaitwa Lamu. Mmeitwa kikao hapo Malindi, mkaambiwa kazi za minara na fiba zinapewa kontrakta kuanzia tarehe mosi, na kila mmoja akapewa barua ya kutia sahihi ndani ya siku 7. Unauliza utie au usitie.

Usitie bado. Kontrakta huenda akawa mtu mzuri tu. Tatizo ni ule mstari uliounukuu hapa: "naacha kazi kwa hiari yangu ili kuajiriwa na kampuni mpya." Anayeacha kazi kwa hiari hana kiinua mgongo cha kupunguzwa. Miaka yako 9 inafutwa kwa mstari mmoja, na kule uendako unaanza upya kama kijana aliyetoka chuo jana.

Kazi yako ikiondolewa kampuni, huko ni kupunguzwa kazi, na Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kifungu cha 40 imeweka utaratibu wake. Kwanza notisi ya nia, si chini ya mwezi mmoja, ikieleza sababu na kiasi cha upunguzaji. Kama uko kwenye chama, notisi inakwenda kwa chama na kwa afisa wa leba wa eneo. Kama wewe si mwanachama, unaandikiwa wewe binafsi, na afisa wa leba anapewa nakala yake vilevile. Baada ya hapo ndipo inakuja notisi ya pili, ya kusitisha kazi yenyewe, mwezi mmoja au mshahara wa mwezi badala yake. Mahakama ya Rufaa ilishasema kwamba hizi ni notisi mbili, haziunganishwi. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni ya bure kabisa: nenda ofisi ya leba, uliza kama wamepokea notisi ya kampuni yenu. Kama hawajapokea, utaratibu umevunjwa tangu mwanzo. Mpe afisa barua fupi ya kueleza hali, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Watakwambia "unahamishwa tu, hupunguzwi." Kenya haina sheria inayomhamisha mfanyakazi moja kwa moja pamoja na kazi inapopewa kampuni nyingine, kama walivyo nayo Uingereza. Mnara unauzwa na jenereta yake. Wewe huuzwi nao. Bila ridhaa yako hakuna uhamisho, na ridhaa ina bei.

Njia halali ziko mbili. Moja, kampuni inakupunguza rasmi, inalipa kila kitu, kisha kontrakta anakuajiri upya. Mbili, mkataba wa pande tatu ambamo kontrakta anakubali kwa maandishi kuibeba miaka yako 9. Mimi ningechukua ya kwanza bila kufikiri sana. Mikataba ya matengenezo ya minara huwa ya miaka 3 au 5. Ikiisha na tenda ikaenda kwa mwingine, utakuwa unadai miaka 12 au 14 kwa kampuni yenye ofisi ya kupanga na pikapu mbili za mkopo.

Sasa pesa. Chukua mfano wa mshahara wa msingi wa 60,000. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa hiyo ile miezi 7 haihesabiki. Kampuni ikigawa mshahara kwa 30, ni 30,000 kwa mwaka, mara 9 ni 270,000. Ikigawa kwa 26, yaani siku za kazi, ni 311,538. Tofauti ya 41,538 inatokana na kigawanyo tu, na watu wengi huwa hawaulizi. Tazama mkataba wako au makubaliano ya chama: yakisema siku 26, au yakitoa zaidi ya siku 15, hayo ndiyo yanayotumika. Juu yake weka mwezi wa notisi, 60,000, na likizo ambayo hukuenda, kwa pesa taslimu. Siku 14 kwa kigawanyo cha 26 ni 32,308. Posho za usiku na za safari zilizolala kwenye mfumo bila kuidhinishwa zidai kabla ya siku ya mwisho, maana meneja aliyepaswa kuidhinisha naye huenda yuko kwenye orodha ileile.

Kodi ipo, lakini fidia ya kuvunjwa mkataba sheria ya kodi ya mapato inaisambaza kwenye miaka inayofuata. Wakiirundika yote kwenye mwezi mmoja, waombe wakuonyeshe hesabu yao.

Halafu ile hati ya "nimepokea malipo yote na sina dai lolote." Hapa ndipo watu wanapopotea, wakidhani ni karatasi ya kawaida ya kuchukulia hundi. Katika kesi ya Coastal Bottlers ya 2018, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba mfanyakazi anabanwa na makubaliano aliyotia sahihi kwa hiari akijua anachofanya. Omba mchanganuo wa malipo kwanza, nenda nao nyumbani, piga hesabu. Ukilazimika kupokea kabla hamjakubaliana, andika kwa mkono juu ya sahihi: napokea bila kuacha haki ya kudai kilichobaki. Piga picha.

Tukija kwa kontrakta mwenyewe, usiulize mshahara pekee. Uliza mkataba wake na kampuni unaisha lini, na kama wako unaisha siku hiyohiyo. Uliza muda wa majaribio. Sheria inaruhusu hadi miezi 6, lakini mtu anayekwenda kupanda mnara uleule aliopanda mwezi uliopita anajaribiwa nini? Gomea kipengele hicho, huwa wanalegeza.

Uliza nani ananunua betri. Kontrakta anakatwa pesa kila mnara unapozima. Lengo la mnara kuwa hewani likiwa asilimia 99.9 kwa mwezi, muda wote unaoruhusiwa mnara kuwa chini ni kama dakika 43. Dakika 43 kutoka Malindi hazikufikishi hata Garsen, sembuse Mokowe kisha boti. Betri za asidi hupoteza karibu nusu ya umri kwa kila nyuzi 10 juu ya 25, na joto letu mnalijua. Mwenye mnara akichelewa kubadilisha betri, na kontrakta akakatwa, faini hiyo itateremka hadi kwenye posho yako. Mkataba wako useme wazi kwamba mshahara haukatwi kwa kuzima kwa mnara. Upande wa Gongoni na mashamba ya chumvi ongeza kutu: bolti, viungio vya waya wa ardhini, koili za viyoyozi. Ratiba ya kubadilisha vitu hivyo iliyotungwa Nairobi haitoshi huku, na lawama ya kuchelewa huangukia fundi.

Bima ndiyo ya kutofanyia mzaha. Sheria ya 2007 ya mafao ya majeruhi kazini, ile tunayoiita WIBA, inamtaka mwajiri awe na bima, na fidia ya kifo au ulemavu kamili wa kudumu ni mapato ya miezi 96. Mwajiri hapo ni yule aliyeandika mkataba wako, si jina lililo kwenye fulana. Taka kuona cheti cha bima, tarehe na idadi ya watu waliokatiwa. Ukiona kontrakta anagawa kazi kwa vijana wa kulipwa kwa kila kazi, bila mkataba, mkanda wa usalama wakiazimana, jua hao hawamo kwenye bima, na kesho wewe unaweza kuwekwa kundi hilo.

Usichukulie kwamba umefanya kazi vibaya. Mtindo huu wa kuwapa wengine kazi Bharti, wenye Airtel, waliuanza India mwaka 2004 walipowapa IBM na Ericsson mifumo na mitandao, na walipoinunua kampuni ya simu ya Zain Afrika mwaka 2010 wakauleta huku. Mwaka 2023 kampuni ya simu ya BT ya Uingereza ilitangaza kwamba hadi nafasi 55,000 zitaondoka ifikapo 2030, na humo wamehesabiwa hata wa makontrakta. Kinachobaki ndani ya kampuni ni wapangaji wa mtandao na wale wanaomkagua kontrakta. Nafasi ya ukaguzi ikitangazwa, omba. Fundi anayeijua minara ya pwani kwa majina anaiweza kuliko mhasibu.

Mikopo: ile ya benki yenye riba ya wafanyakazi hupanda ukitoka, kwa hiyo nenda benki kabla ya tarehe mosi, na uulize kama bima ya mkopo inafidia kupoteza kazi. Sakko nako tazama uliowadhamini. Bima ya matibabu ya kampuni uliza inakoma siku gani. Ukikaa bila mshahara, badilisha usajili wako wa SHA, bima ya afya ya serikali, kwa *147#. Mchango wa asiye na ajira hulipwa wa mwaka mzima kwa pamoja, kiwango cha chini kikiwa 300 kwa mwezi.

Wakikataa kulipa, dai lifunguliwe ndani ya miaka 3, na mazungumzo hayasimamishi saa. Mshahara wako ukiwa hauzidi 80,000 kwa mwezi kesi inasikizwa na hakimu, hapo hapo Malindi. Ukizidi, mahakama ya ajira nayo inakaa mjini humo.

Barua pepe ya kazini hufungwa mara nyingi asubuhi ile ile ya kutolewa. Leo hii chapisha karatasi za mshahara za miezi 12, mkataba wa kwanza, barua za nyongeza, salio la likizo na taarifa ya pensheni. Cheti cha utumishi ni haki yako kwa kifungu cha 51, hata kama mmeachana kwa ugomvi.