Bei ya gunia haijui jasho lako

Chukua wakulima wawili waliopakana mashamba. Kila mmoja katumia shilingi 600,000 kwa ekari moja ya mahindi: kulima, mbegu, mbolea, palizi, kuvuna na kupukuchua. Wa kwanza kapata magunia 15, wa pili kaambulia 8. Kwa hiyo gunia limemgharimu wa kwanza 40,000, na wa pili 75,000. Fuso ikiingia kijijini wote watatajiwa bei moja. Wa pili akilalamika kwamba hata gharama yake hairudi, anasema kweli, ila ukweli huo haumwongezei hata shilingi mia. Gharama ndiyo itakayoamua kama mwakani atalima tena. Bei ya leo inatoka kwa mtu aliyesimama mbele ya duka la unga mjini, anayejiuliza: nisiponunua hapa nitanunua wapi, au leo tupike wali?

Ndiyo maana hesabu ya bei huanzia sokoni ikarudi shambani. Namba zifuatazo ni za mfano, weka za kwenu. Tuseme Tandale, Dar es Salaam, kilo inauzwa 800 kwa jumla. Toa nauli ya lori 80, kupakia na kushusha 20, gunia tupu na kushona 15, ushuru wa mazao 15, dalali na upotevu wa njiani 30, na faida ya mchuuzi 40. Jumla 200. Zinabaki 600. Mchuuzi akikupa 580 hajakuibia. Akikupa 450 ana soko usilolijua, au anajua kwamba wewe ndiye usiyelijua. Piga simu mbili kwa watu wasiofahamiana, mmoja wa sokoni na mmoja wa mashine ya kusaga, kabla hujataja bei yako.

Hapo bado hatujagusa unyevu, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea bila kelele. Kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18 zikikauka kufikia hapo zinabaki kilo 94.8, kwa sababu kitu kikavu ndani yake ni kilo 82 tu, na 82 ukigawanya kwa 0.865 ndiyo jibu. Mnunuzi mzoefu hupiga hesabu hiyo kwa kung'ata punje, kisha hukata zaidi ya kilo tano ili asije akaumia. Usiachie meno yake. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko viwili au vitatu vidogo vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, acha ikae dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15: rudisha mahindi juani, juu ya turubai, si juu ya udongo.

Unyevu ndio unaolea ukungu, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo. Zuio liliondolewa siku chache baadaye, kwa sharti la cheti kuonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mahindi yaliyokuwa njiani kwenda mpakani yalikuwa yale yale ya juzi yake, jasho lile lile. Kilichoondoka ni mnunuzi.

Kuhifadhi nako kunauza muda, na muda una bei yake. Tuseme Julai kilo ni 500, Januari 800: kwa macho, gunia la 50,000 limekuwa 80,000. Sasa toa. Mfuko usiopitisha hewa, 5,000. Upotevu wa asilimia mbili, ubaki na kilo 98, yaani 78,400. Faida halisi ni 23,400. Lakini kama kukaa na gunia hilo kulikulazimu kukopa ile 50,000 mtaani kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, miezi sita ni 30,000, umekula hasara ya 6,600 huku ukijiona mjanja. Uza Julai magunia ya ada na madeni, hifadhi yanayobaki. Na mifuko ile ina tabaka mbili za plastiki ndani: ikitobolewa na panya au msumari, hewa inaingia na dumuzi anafufuka. Dumuzi huyu, wengine wanamwita skania, alitambuliwa Tabora mwaka 1981 akitokea Amerika ya Kati, na gunia akilimaliza hubakiza unga tu. Mahindi mabichi ndani ya mfuko huo ni balaa nyingine: yanaoza.

Kwenye vipimo, achana na debe. Kilele juu ya ndoo ya lita 20 huongeza kilo moja hadi mbili. Gunia la debe sita likijazwa kwa vilele limeondoka na kilo sita hadi kumi na mbili za bure. Lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita mdomo wake, ni hivyo hivyo kwa ukubwa zaidi, na sheria ya vipimo inaikataza. Mzani wa kuning'iniza wa kilo 100 mnaweza kuchangiana watu kumi.

Huduma nazo hazikimbii kanuni hii, kwamba bei haifuati gharama iliyokwisha kutumika. Lori lililopeleka saruji na bati Songea linarudi Dar, na dereva akikosa mzigo mafuta yatateketea vile vile. Kwake nauli yoyote inayozidi gharama ya kupakia na kusubiri ni faida, hivyo atashuka bei kwa kiasi ambacho lori la kukodi kutoka Dar haliwezi. Ulizia kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi mzigo wao unashuka lini, muwe na magunia yameshashonwa na kupimwa siku hiyo, maana dereva hasubiri mtu anayepukuchua. Ila Agosti, mavuno yakiwa yamepamba moto na kila mtu analitafuta lori hilo hilo, nafuu hiyo huisha.