Shida si tamthilia, ni saa
Kaka, unauliza kwa nini kituo kile cha runinga kinakimbiwa na watazamaji ilhali tamthilia zake ni tamu. Mimi nalaumu ratiba. Hapa Kondele, Kisumu, kwa kinyozi wangu rimoti hukaa juu ya kioo, na kila mtu anajua: saa moja habari za Kiswahili, saa tatu za Kiingereza, katikati tamthilia. Hapo ndipo wenye matangazo ya sabuni na unga hutoa pesa nzito. Kituo hicho kikaisukuma tamthilia yake hadi saa nne na nusu, kisha kikairudisha kimyakimya. Mama mboga wa jirani aliikosa mara mbili, akahama. Na tangu Kenya izime analogi, ile mitambo ya zamani ya kurusha runinga, na kuhamia dijitali 2015, vituo ni vingi, kuhama ni kubonyeza tu.