Hela yangu yote ilikuwa kwenye laini ya kaka

Wiki iliyopita nimeibiwa simu tena, safari hii Makambako, nashuka kwenye basi la Njombe nadai mzigo wangu kwa konda, kugusa mfuko mwepesi. Nikaenda kwa mama ntilie nikaagiza chai. Sikulia. Ndani ya masaa mawili laini ilikuwa imerudi, na kabla ya saa kumi nilishamlipa dereva wa fuso aliyenibebea viazi kutoka Makete. Naandika kwa kujisifu kidogo mnisamehe, maana mwaka 2022 jambo hilihili lilinitoa kwenye msimu mzima wa mchele, na kuna kijana wa Njombe kaniandikia "dada nataka niache kazi nizunguke kama wewe, hela unazishikaje ukiwa njiani?" Mdogo wangu, kaa hapo nikusimulie.

Kwa wasionijua, mimi sina duka. Nina chumba Mwanjelwa, Mbeya mjini, chenye kitanda na mizani, lakini kwa mwezi nalala pale siku tano sita hivi. Mchele Kyela, parachichi Tukuyu, viazi Makete, maharage Mbozi, nikisikia bei imekaa vizuri Tunduma napakia naenda Tunduma. Ofisi yangu ni siti ya dirishani kwenye kosta.

Sasa 2022, mwezi wa saba, Kyela ndo wamevuna. Nilishakubaliana na mzee mmoja, nimenunua kwake misimu mitatu, tani 2 za mchele, milioni 3 na nusu, nikamwambia Jumamosi jioni nakulipa hela yako yote. Jumamosi mchana napanda gari pale Uyole, unajua lile gombania la kuwahi siti, simu ikaondoka. Na kwenye kava la simu ndo nilikuwa nimechomeka kadi ya benki. Msinicheke, hata wewe unayesoma hapa hebu geuza simu yako uangalie nyuma.

Bado nikajipa moyo, si narudisha laini tu. Nimefika Kyela naenda kwa wakala wa laini, naweka kidole, mashine inakataa. Ndo nikakumbuka. Ile Januari 2020 walipotangaza laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zinazimwa, namba yangu ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ilikuwa haijatoka, kaka yangu akaniwekea kidole chake. Tukasema tutabadilisha baadaye. Miaka miwili na ushee nafanya biashara, apu ya benki, meseji za benki, hela ya simu, wateja wangu wote, vyote viko juu ya kidole cha kaka, na kaka mwenyewe yuko Mafinga anapasua mbao.

Benki yangu pale Kyela ilikuwa na mawakala tu, tawi hakuna, na wakala bila kadi wala simu anakuangalia tu kwa huruma. Jumapili ikapita. Jumatatu kaka kaenda kurudisha laini Mafinga, akaifunga kwenye bahasha akampa konda wa basi la Mbeya. Mimi napanda tena Mbeya kuisubiri, halafu benki wananiambia apu ikiingia kwenye simu mpya lazima wanihakiki upya, na namba imetoka kubadilishwa laini juzi kwa hiyo wameizuia kwanza kwa usalama wangu. Kiukweli hapo hawakukosea, wangeachia na mwizi angekuwa ameshakomba. Ila siku hiyo niliwatukana moyoni matusi ya Kinyakyusa ambayo bibi yangu hakujua kama nayajua.

Alhamisi niko Kyela na hela mkononi. Mchele umeshapakiwa kwenye gari la mtu mwingine. Mzee kaniambia, "Mwanangu, hela yako ipo kwenye maneno." Mbele ya watu. Mimi ambaye mwaka juzi yake nilimlipa hata kabla hajamaliza kukoboa.

Basi, ndo nilivyojifunza. Leo leo piga *106# uone laini gani ziko kwa jina lako. Kama unayopokelea hela haimo, acha unachofanya, kaihamishie jina lako. Kisha nenda na laini ya pili, ya mtandao mwingine, jina lako pia, iache kwenye kasimu ka tochi chini ya begi na uweke humo laki tatu nne za dharura. Makambako ndo kilichoniokoa. Kadi isikae na simu. Narudia, kadi isikae na simu. Na uwe na benki mbili, mojawapo iwe na matawi kwenye wilaya unazozungukia, sio ile yenye jengo zuri mjini.

Wakala nenda asubuhi. Siku ya mnada floti, ile hela ya wakala ya kukuhudumia, inaisha mapema, utakuta mawakala wanne wote wanakwambia "njoo jioni" na mkulima hana jioni. Usimpe wakala simu akusaidie kubonyeza hata kama ni shemeji yako. Ukipata ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", ipeleke 15040, namba ya kuripoti matapeli, uendelee na safari.

Halafu hela ya biashara isilale na hela ya kula, mimi nililala nazo pamoja miaka mingi, nikienda kuomba mkopo afisa anaangalia taarifa ya akaunti anakuta vocha, saluni, gunia, harusi, gunia. Kodi ya TRA ile ya awamu, mwezi wa tatu, wa sita, wa tisa na wa kumi na mbili, naitengea kila nikiuza mzigo, control namba nalipia popote nilipo, nimewahi kulipa nikiwa kwenye foleni ya malori Tunduma.

Na wale mtakaosema bora keshi: hata mimi, Julai 2021 tozo za miamala zilipoanza nilirudi kwenye keshi, milioni 2 nimezifunga kiunoni na khanga, nashuka Kitonga sipumui kila gari likisimama. Vijana mnapenda kuonekana mnasafiri, picha za milima, picha za chai ya Tukuyu, lakini ukiulizwa laini yako iko kwa jina la nani unacheka. Mwenyezi Mungu anakupa riziki, kusajili laini hakusajilii.

Yule mzee bado yupo, mwaka huu nimepita kwake tukasalimiana vizuri, ugonile, ndaga. Mchele wake ni mzuri kuliko wa wote pale kijijini. Nanunua kwa jirani yake.