Kuwapiga Picha Kulasitara wa Mto Rufiji

SWALI: Ndugu Mhariri, naishi Utete, kando ya Mto Rufiji, na kwa miezi miwili sasa najaribu kuwapiga picha kulasitara na yangeyange, ndege wa majini wenye shingo na miguu mirefu. Kila ninaponyemelea ukingoni, ndege huruka kabla sijaweka kamera sawa, na yangeyange wachache niliowapata wametoka weupe mtupu, bila unyoya hata mmoja kuonekana. Lenzi yangu ni ya milimita 300. Nakosea wapi?
Msomaji, Utete

JIBU: Ndugu msomaji, lenzi yako inatosha, kinachokuangusha ni huko kunyemelea. Kulasitara huvua kwa macho, akisimama kimya mahali pamoja kwa muda mrefu, kwa hiyo chochote kinachomjia moja kwa moja hukiona mapema. Masika yakiisha na maji yakaanza kupungua, tafuta kidimbwi ambacho samaki wamebaki wamenaswa, ufike kabla ya jua kuchomoza, uketi jua likiwa mgongoni mwako, kisha umwache ndege aje mwenyewe. Afadhali zaidi umkodi mvuvi mwenye mtumbwi, anayejua viboko wanakokaa, aweke pondo, ule mti wa kusukumia mtumbwi, chini na kuacha maji yauchukue mtumbwi taratibu. Ukingo wenye mamba si mahali pa kulala kifudifudi.

Mtazame shingo. Akitaka kudonoa, huikunja mfano wa herufi S, kichwa kikarudi nyuma na jicho likakazwa majini. Hapo kidole kiwe tayari, na kasi ya shata, kile kifuniko cha kamera kinachofunguka na kufunga kupitisha mwanga, isipungue 1/2000 ya sekunde. Nimewahi kumkosa kulasitara mkubwa, ndege anayekaribia mita moja na nusu kwa kimo, kwa kuwa nilitazama kioo cha kamera badala ya shingo yake: nilipoinua macho, kambare alikwisha kunaswa na maji yalikuwa yakichuruzika kwenye mdomo wake.

Kuhusu weupe, maji meusi na majani nyuma ya yangeyange huidanganya kamera, ikaongeza mwanga hadi manyoya yakaungua, yaani yakatoka meupe bila alama yoyote. Punguza mwanga kwa theluthi mbili za stopu (kipimo cha mwanga kwenye kamera), au stopu nzima jua likiwa kali.

Ukiwakuta wametaga kwa makundi mitini, nakusihi mgeuze mtumbwi, kwa sababu wazazi wakiruka kwa hofu, mayai na makinda hubaki juani, wazi kwa kunguru na mwewe.